Kiondo na Kitabu: Malezi ya Mikono kutoka Sagalla hadi Siyu

Mtoto wa Voi hukulia kati ya vitu viwili vilivyofika nyumbani kwa njia tofauti. Kimoja ni kiondo, ambacho hukikuta mikononi mwa nyanya yake kikiwa kimesukwa nusu. Kingine ni kitabu, ambacho kilipanda mlima wa Sagalla mikononi mwa mgeni. Vyote viwili vina heshima yake, ila mizani haiko sawa. Mtoto akifungua kitabu, nyumba nzima hunyamaza ili asome. Akishika uzi wa mkonge, huulizwa kama amemaliza kazi ya shule. Nayalinganisha hapa mapokeo matatu, ya Taita, ya Siyu na ya Finland, kwa sababu naamini kwamba mpaka huu kati ya kusoma na kusuka uliwekwa na watu, na watu wanaweza kuuondoa.

Tuanze na kiondo chenyewe. Jani la mkonge hupasuliwa, likaparwa mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Nyuzi huoshwa, zikaanikwa, kisha zikasokotwa juu ya paja kwa kiganja. Kazi ya kusuka huanzia kitakoni. Nyuzi nene kadhaa hukatana katikati, na nyuzi mbili nyembamba huzizunguka, moja ikipita mbele na nyingine nyuma, zikibadilishana kila hatua. Duara likipanuka, nyuzi nene huachana, na msukaji hulazimika kuongeza nyingine. Akizidisha, kitako hufanya mawimbi. Akipunguza, huanza kuinuka kabla ya wakati. Pambo la rangi mbili nalo linataka hesabu, maana pembetatu isiyohesabiwa tangu mzunguko wa kwanza haitafunga inapokutana na mwanzo wake. Msichana anayejifunza kazi hii anafanya mafungu, anapima uwiano na kuona umbo lote kichwani kabla halijatokea. Hakuna anayemwambia kwamba hiyo ni hisabati.

Wala mapokeo haya hayakuwahi kusimama mahali pamoja. Mkonge unaoonekana leo kuwa wa Taita tangu zamani ni mmea mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, na ni miche 62 tu iliyosalimika safarini. Kutoka huko kilimo chake kilivuka mpaka, hata Mwatate na Voi zikawa na mashamba makubwa ya mkonge. Wasukaji wa nyika za mashariki ya Kenya walikuwa wamezoea nyuzi za magome, yakiwemo ya mbuyu. Mkonge ulipokuja waliupokea, wakaufanyia kazi kwa maarifa yaleyale. Ni vyema kulikumbuka hili kila tunaposikia kwamba kazi za mikono ni za kale na vitabu ni vya kisasa. Kwa umri wake Taita, kiondo cha mkonge na kitabu cha chapa ni rika moja.

Kitabu nacho kina historia yake. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Kasigau Oktoba 1847, akianza kuizoea nchi ambayo mwaka uliofuata ingemfikisha Kilimanjaro. Alipita tu. Aliyekaa ni Alfred Wray wa shirika la Church Missionary Society, aliyefungua kituo Sagalla mwaka 1883, na mwaka 1894 kitabu chake cha kufundishia lugha ya Kitaita kikachapishwa London. Wakatoliki nao walijenga kituo chao Bura katika miaka hiyohiyo ya 1890. Kwa hiyo Mtaita alikutana na kitabu kikiwa kimekwisha kutengenezwa. Hakuiona karatasi ikikatwa wala herufi zikipangwa. Kitabu kilikuwa kitu cha kupokea na kusoma, na aliyekijua alikuwa mwalimu, si fundi.

Sasa tuteremke pwani, hadi Siyu katika kisiwa cha Pate. Katika karne ya 18 na ya 19 mji huu ulisifika kwa misahafu iliyoandikwa na kupambwa kwa mkono. Karatasi ilitoka ng'ambo, lakini kilichobaki kilikuwa kazi ya mtu aliyeketi na kalamu yake. Maandishi yaliwekwa kwa wino mweusi, na mapambo yakatiwa nyekundu na manjano, pembezoni mwa ukurasa na penye vichwa vya sura. Mji huohuo ulikuwa na mafundi wa ngozi na wachongaji wa mbao. Mtoto wa Siyu aliyeingia chuoni kujifunza herufi alikuwa jirani wa watu waliotengeneza kitabu. Kwake yeye, kuandika vizuri kulikuwa elimu na ufundi kwa wakati mmoja, na mkono usiotulia ulikuwa kasoro ya elimu yenyewe.

Katika jamii hiyo ndimo alimotoka Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, ambaye mnamo mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi wa wosia. Jambo ninalotaka lionekane hapa ni njia ya kupokezana: mama anampa binti, kwa kipimo na mpangilio, mambo ambayo yeye mwenyewe aliyaishi. Kiondo cha Taita hupita njia hiyohiyo. Hakuna cheti, hakuna darasa. Kuna mkono wa mkubwa juu ya mkono wa mdogo. Tofauti ni kwamba utendi uliandikwa, ukanakiliwa, ukafika kwa wasomaji ambao mtunzi hakuwajua, ilhali jina la msukaji halikuandikwa popote. Kiondo husafiri hadi Ulaya na Marekani, na mwenye kukisuka hubaki Kasigau bila kutajwa.

Nisiipambe Siyu kupita kiasi. Msahafu wa mkono ulichukua muda mrefu na ulikuwa wa wachache. Kitabu cha chapa, hata kama kilifika na masharti ya dini na dola, kiliweza kushikwa na watoto wengi, wa kike na wa kiume. Maktaba ya umma ya Voi, iliyo tunda la sheria ya mwaka 1965 iliyounda Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya, ni jambo ambalo ukurasa wa Siyu peke yake usingelileta. Mwenye kutetea kazi ya mikono kwa kudharau uchapaji anamnyima mtoto maskini mlango wake mpana zaidi.

Basi kwa nini mzazi wa Taita aliyepokea kitabu aliona lazima aiweke kazi ya mikono chini yake? Jibu liko katika siasa ya elimu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, na ikapendekeza Mwafrika apewe elimu inayolingana na maisha ya kijijini, yenye kilimo na kazi za mikono. Kwa mwelekeo huohuo, Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete mwaka 1925. Wazazi Waafrika waliisoma nia iliyokuwa nyuma ya sera kama hizo. Mtoto wa mlowezi alipewa vitabu ili atawale. Wa kwao alipewa jembe na randa ili atumikie. Walipodai kitabu, walidai usawa, na walikuwa na haki. Lakini ushindi huo uliacha jeraha: ufundi ulibaki na harufu ya ubaguzi, na elimu bora ikaanza kumaanisha elimu isiyochafua mikono.

Finland inaonyesha kwamba haikupasa kuwa hivyo. Uno Cygnaeus, aliyeongoza chuo cha walimu cha Jyväskylä kuanzia mwaka 1863, alishikilia kwamba kazi ya mikono ni sehemu ya kumjenga mtu, si maandalizi ya kibarua. Sheria ya shule za umma ya mwaka 1866 ikaifanya somo. Wafini pia walikuwa wakulima chini ya dola ya kigeni, ya Urusi, na vitabu vilikuwa silaha yao ya utaifa kama vilivyokuwa kwetu. Lakini kisu cha kuchongea na kitabu viliingia darasani siku moja, kwa watoto wote wa shule hizo. Hilo ndilo jambo kubwa. Kazi ya mikono haidhalilishi pale kila mtoto anapoifanya. Hudhalilisha inapotengewa mtoto wa tabaka fulani.

Kenya imejaribu mara mbili kurekebisha. Mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 ulileta sanaa na kazi za mikono katika shule za msingi, na zikatahiniwa. Mzigo wa masomo ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuondoka kwenye mtihani, na kisichotahiniwa kwetu hakifundishwi. Mtaala wa Umilisi, ulioenea nchi nzima mwaka 2019, umezirudisha. Hata hivyo mara nyingi kazi hutumwa nyumbani, mzazi akatafuta gundi na karatasi ya manila usiku, na mtoto akapeleka shuleni kitu alichotengenezewa na baba. Huko si kufundisha ufundi.

Na Taita Taveta haina haja ya kununua manila. Kasigau na vijiji vya njia ya Maungu vina vikundi vya akina mama ambao viondo vyao huuzwa ng'ambo, na kwa nyumba nyingi fedha hizo ndizo karo, ndizo sare, ndizo vitabu. Kiondo kimekuwa kikimnunulia mtoto kitabu kwa miaka mingi bila kitabu kukitambua kiondo. Akina mama hawa waitwe darasani kama walimu, walipwe kama walimu, na somo la uwiano lianzie kitakoni mwa kiondo. Watoto waandike majina ya wasukaji, majina ya mapambo na hatua za kazi, kwa Kidawida, kwa Kisagalla na kwa Kiswahili. Wazishone wenyewe kurasa hizo ziwe kitabu, na nakala iwekwe katika maktaba ya Voi ambapo mtoto mwingine ataiazima. Hapo mtoto atajua kitu ambacho mtoto wa Siyu alikijua kwa kuchungulia tu dirishani: kwamba kitabu hutengenezwa na watu, na kwamba yeye ni mmoja wa watu hao.