Mkalimani wa Amistad

Mwaka 1839, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, Profesa Josiah Gibbs wa Chuo cha Yale alijifunza kuhesabu moja hadi kumi kwa lugha ambayo hakuwa na neno jingine lake. Walimu wake walikuwa mahabusu, Waafrika walioiteka merikebu ya La Amistad karibu na Cuba. Kisha akaenda bandarini New York, akawa akipita baina ya mabaharia huku akizitamka namba zile kwa sauti, mpaka akatokea wa kuzielewa. Huyo ni James Covey, kijana wa Kimende ambaye naye aliwahi kuuzwa utumwani, akaokolewa na Waingereza.

Lugha ndiyo iliyokuwa roho ya kesi ile. Hispania ilikwisha kupiga marufuku kuleta watumwa kutoka Afrika. Basi waliodai kuwa wenye mali walikuja na hati zenye majina ya Kihispania, kana kwamba watu wale walikuwa wenyeji wa Cuba wa miaka mingi. Kimende kikawaumbua. Januari 1840 kiongozi wao, Sengbe Pieh, alisimama mahakamani akasema kwa ulimi wake, na Covey akafasiri.

Filamu ya Steven Spielberg, Amistad, ya mwaka 1997, imelitambua hilo, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kimende kinasikika humo, na hesabu ya bandarini imo. Lakini hadithi inapokaribia kilele, ulimi unabadili mwenyewe. Katika Mahakama ya Juu, mwaka 1841, msemaji ni rais wa zamani John Quincy Adams, aliyeigizwa na Anthony Hopkins. Sengbe, aliyeigizwa na Djimon Hounsou, yumo humo ukumbini, kimya. Katika historia hakuwako. Yeye na wenzake walibaki Connecticut. Filamu imemsafirisha hadi Washington ili aketi asikilize.

Itasemwa kwamba Adams wa filamu anayachukua maneno ya Sengbe kuhusu wazee waliotangulia. Kweli, lakini kuazimwa maneno si kusema. Tena palikuwa na maneno yao wenyewe ya kutumia: Januari 1841 Kale, mtoto miongoni mwa mateka, alimwandikia Adams barua kwa Kiingereza alichojifunza kizuizini, akimweleza kwamba Wamende nao wana akili na fikra. Kilele hakikujengwa juu ya barua hiyo. Badala yake akabuniwa Theodore Joadson, mweusi tajiri aliyeigizwa na Morgan Freeman, ambaye kazi yake kubwa ni kutazama kwa huzuni. Wakati huohuo Connecticut ilikuwa na James Pennington, mchungaji mweusi aliyetoroka utumwa wa Maryland, na ambaye alishughulika hasa na mambo ya Wamende wale.

Covey wa filamu aliigizwa na Chiwetel Ejiofor, naye akiwa bado kijana. Mwaka 2013, katika filamu ya Steve McQueen, mwigizaji huyohuyo akawa Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa Washington mwaka 1841, majuma machache baada ya mahakama ya mji huo kumwachia Sengbe. Northup alirudi kwao Januari 1853. Kitabu chake kilitoka mwaka huohuo, kwa kalamu ya David Wilson, mwanasheria mzungu aliyeketi akamsikiliza.