Kitanda cha Mlimani: Wanafunzi Watu Wazima na Mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huandikwa mara nyingi kama historia ya mijadala, migomo na wasomi waliopita Mlimani, kama kampasi yake kuu inavyoitwa, lakini inaweza pia kusomwa kupitia kitanda cha bwenini, kwa kuwa kwa miaka mingi kitanda hicho ndicho kilichoamua ni wangapi wanaoweza kusoma na wataishi maisha ya namna gani. Chuo kilipoanza mwezi Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na wanafunzi 14 wa sheria waliosomea katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba; mwaka 1964 kikahamia kilimani, umbali wa kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji. Kwa kuwa huko hapakuwa na nyumba za kupanga jirani, kupata nafasi ya masomo kulikwenda sambamba na kupata chumba, na mabweni, ambayo hadi leo huitwa kwa namba, yalijengwa kwa kumfikiria mwanafunzi wa aina moja: kijana aliyetoka moja kwa moja kidato cha sita, asiye na mke wala mume, anayelishwa na kulazwa na serikali ili baadaye aitumikie nchi.

Dhana hiyo ilitikiswa mwezi Novemba 1974, pale Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma na kupitisha uamuzi unaojulikana kama Azimio la Musoma. Pamoja na kuagiza elimu ya msingi iwafikie watoto wote, Azimio lilitaka mhitimu wa kidato cha sita alitumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na ndipo aombe nafasi ya chuo kikuu akiwa na pendekezo la mwajiri na la chama. Shabaha ilikuwa kumwondolea msomi kiburi cha kujitenga na wafanyakazi na wakulima, na kwa kipimo hicho uamuzi ulikuwa na uzito wake. Hata hivyo, waliouandika hawakuwa wamepiga hesabu ya malazi. Ghafla Mlimani ilianza kupokea makarani, walimu na maofisa wa mashirika ya umma, watu waliokwisha kuoa au kuolewa, wenye watoto na wazazi waliokuwa wakiwategemea, ambao walikabidhiwa chumba chenye kitanda chembamba, meza na kabati, kisicho na nafasi ya mwenzi wala mtoto. Aliyekuwa baba mwenye nyumba Tabora au Mwanza alirudi kuwa mkazi wa bweni, akipanga foleni ya chakula na vijana. Kwa wanawake gharama ilikuwa kubwa zaidi, kwani miaka ile ya kazi ndiyo pia miaka ya kuolewa na kuzaa. Idadi yao ilishuka kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1970 sharti la kufanya kazi kwanza liliondolewa kwao.

Ingawa bweni halikumfaa mwanafunzi mtu mzima wa enzi hizo, angalau lilikuwa lake. Hali ilibadilika katika miaka ya 1990, serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama, yaani utaratibu wa kumtaka mwanafunzi na familia yake walipe sehemu ya kile ambacho awali kilitolewa bure, na chuo kikaanza kudahili watu wengi kuliko vitanda kilivyokuwa navyo. Fungamano la zamani kati ya nafasi ya masomo na chumba likakatika. Hapo ndipo neno «kubebana» lilipopata maana yake ya chuoni: mwenye chumba kihalali humkaribisha asiye na chumba, wawili wakalala kitanda kimoja, mmoja kichwa upande wa mlango na mwingine upande wa dirisha, au mgeni akatandika godoro sakafuni usiku na kulisukuma chini ya kitanda kabla hakujapambazuka, ili mkaguzi asilione. Kanuni zilikataza jambo hilo, lakini bila hilo wengi wasingemaliza masomo, na ni haki kulitaja kama aina ya ufadhili ambao wanafunzi walipeana wenyewe.

Hosteli ya Mabibo, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 nje ya kampasi, na mabweni 20 yaliyozinduliwa na Rais John Magufuli mwezi Aprili 2017, kila moja likichukua wanafunzi 192 na yote kwa pamoja 3,840, yalipunguza msongamano, lakini hayakugeuza mpangilio wa nani hutangulia. Panapokuwa na uhaba, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, asiyelijua jiji, hufikiriwa kwanza, pamoja na mwenye ulemavu. Anayetakiwa kupisha ni yule ambaye lugha ya kiofisi humwita «mwanafunzi anayeendelea», yaani wa mwaka wa pili na kuendelea. Hoja ya kumlinda mgeni ni ya kweli, lakini hukaa kimya kuhusu mwalimu wa miaka 35 aliyerudi kusomea shahada, ambaye akishaingia mwaka wa pili, kwa hesabu ya mabweni ni mwanafunzi anayeendelea kama wengine.

Kwa hiyo bweni kubwa kuliko yote ya Mlimani halikujengwa na chuo. Limekua lenyewe nje ya kampasi, katika maeneo ya Changanyikeni, Msewe, Makongo na Sinza, ambako wenye viwanja wamejenga safu za vyumba vyenye mlango mmoja na dirisha moja, bomba likiwa la wote uani, na ambako chumba, kinachoitwa «geto», hukodishwa kwa kodi ya miezi kadhaa inayolipwa mkupuo kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Mkopo wa serikali, ambao wanafunzi huuita «bumu», huja kwa awamu na mara nyingine huchelewa. Mwenye nyumba hasubiri awamu. Ndani ya geto, hata hivyo, kuna jambo ambalo bweni halikuwahi kumpa mwanafunzi mtu mzima tangu siku za Azimio la Musoma: anaweza kuwasha jiko lake, na mwenzi wake akija kutoka mkoani na mtoto mgongoni, mlango ni wake kuufungua.