Mfuko wa kwenda kuzaa: mama wa Goma na miaka 30 ya kukimbia

Mjini Goma, mimba ikifikia mwezi wa nane, mfuko mmoja unaanza kujazwa pembeni ya kitanda. Ndani yake mnaingia vikwembe viwili au vitatu, sabuni, beseni, kofia na soksi za mtoto, vitambaa vikuukuu vilivyofuliwa vizuri, termosi ya maji moto na fishi ya CPN. Shangazi au mama mkwe anapita kuhesabu kama kuna kitu kinachokosekana. Ni mfuko mdogo, lakini una historia yake, na historia hiyo inaonyesha kwa nini mama mmoja anafika maternite mapema na mwingine anachelewa mpaka hatari inamkuta njiani.

Wakati wa mababu mfuko huo haukuhitajika. Mama alizaa nyumbani, na vyote vilikuwa karibu: moto, maji, mkeka, mkunga wa kijiji na mama yake mzazi. Chini ya ukoloni wa Wabelgiji, mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1930 ulianzishwa mfuko wa Malkia Elisabeth, FOREAMI, kwa ajili ya matibabu ya wenyeji. Kampuni kubwa kama Union Minière ya Katanga nazo zilitaka watoto wa wafanyakazi wao wawe wengi na wenye afya, na mama aliyezaa katika maternite ya kampuni alipewa zawadi na nguo za mtoto. Neno la Kifaransa layette, ambalo akina mama wanalitamka mpaka leo, ni la enzi hizo.

Finlandi ilitumia mbinu ya aina hiyo. Tangu 1938 serikali yake ilitoa sanduku la vitu vya mtoto kwa akina mama maskini, na kuanzia 1949 kwa akina mama wote, mradi mama awe amekwenda kupimwa mimba mapema. Huko, vitu vya mtoto vilimvuta mama kwenda kwa muganga. Huku kwetu, mara nyingi vinamzuia. Mama asiye na kikwembe kizuri wala nguo ya mtoto anaogopa macho ya wengine, anaogopa pia bili, basi anabaki nyumbani.

Halafu zikaja nyakati za kukimbia. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikaua watu wengi. Ndani ya umati huo wanawake walizaa juu ya mawe ya volkeno, bila maji wala kiwembe kipya. Mwaka uliofuata, 1995, mashirika ya Umoja wa Mataifa na mengine yaliunda kundi la pamoja la kushughulikia afya ya uzazi kati ya wakimbizi. Tangu hapo, misaada ya dharura huwa na kifurushi cha kuzalia: kipande cha plastiki cha kulalia, sabuni, kiwembe, kamba ya kufunga kitovu, glovu na kitambaa cha kumfunika mtoto. Ni mfuko wa mama uliopunguzwa mpaka vile visivyoweza kukosekana.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitema moto, lava ikapita katikati ya mji, na mamia ya maelfu ya wakaaji wakakimbia, wengi wakielekea Gisenyi. Mei 22, 2021 mlima ukalipuka tena, na siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Njia ya Sake ilijaa watu kwa miguu, na kati yao akina mama wenye mimba waliobeba walichoweza tu. Kisha vita ya M23 ikajaza kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo. Mwisho wa Januari 2025 mapigano yalifika ndani ya mji wenyewe. Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba makombora yaliangukia hospitali ya Charité Maternelle na kuwaua na kuwajeruhi raia, wakiwemo watoto wachanga na akina mama wenye mimba. Mwezi wa Februari M23 ikiwa imeushika mji, kambi zilibomolewa na familia zikaambiwa zirudi zilikotoka.

Katika mikimbio yote hiyo, beseni lilibaki, termosi ilibaki, layette ilibaki. Kikwembe peke yake kilitoka, kwa kuwa kilikuwa kimefungwa kiunoni au mgongoni. Na kikwembe kina kazi kubwa. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na usiku wa chini ya Nyiragongo ni wa baridi. Mtoto mchanga anapoteza joto haraka, hasa kichwani na akiwa bado na maji mwilini. Ndiyo maana wauguzi wanasema apanguswe mara moja, avalishwe kofia, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na asiogeshwe kabla ya saa 24. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga watoto njiti kifuani pa mama zao kwa sababu mashine za kuwapasha joto hazikutosha. Njia hiyo inafuatwa leo duniani kote, na haihitaji zaidi ya kitambaa na mama.

Kwa familia zilizorudi Masisi, Rutshuru au Nyiragongo, na zile zinazokaa kwa ndugu hapa mjini, mfuko unaweza kuanza na kikwembe kimoja safi, sabuni, kofia na fishi. Shangazi, jirani au mama mkwe anaweza kuongeza kimoja kimoja. Lakini damu nyingi baada ya kuzaa inaweza kumuua mama kwa saa chache tu, na haingoji mfuko ujae. Uchungu ukianza na mfuko ungali mtupu, mama aende hivyo hivyo. Kikwembe kitafuata nyuma.