Divai, mvinyo na kong'o: Jina la kinywaji humhukumu mnywaji

KRISMASI iliyopita mpwa wangu anayefanya kazi Ujerumani alikuja kututembelea nyumbani Asumbi. Njiani alipitia Kisii akanunua chupa mbili za divai nyekundu. Jioni ya mkesha aliwasha jiko, akamimina divai kwenye sufuria, kisha akafungua pakiti ya viungo aliyoibeba kutoka huko: vijiti vya mdalasini, karafuu na maganda makavu ya machungwa.

Mama yangu, ambaye sasa amepita miaka 85, alinusa akiwa kitini pake, akauliza, "Hiyo si chai ya masala?"

"Hapana, Dani. Hii ni divai. Wajerumani huinywa ikiwa moto wakati wa Krismasi. Wanaiita Glühwein."

Mama alijaribu kulitamka neno hilo mara mbili, likamshinda. Akanigeukia. "Wewe si ndiye profesa wa Kiswahili? Hebu tuambie, hii kwa Kiswahili inaitwaje?"

Nimefundisha isimu na tafsiri kwa zaidi ya miaka 30, lakini swali la mama lilinikuta sina jibu. Nilisema "divai moto", na papo hapo nikahisi kwamba jina hilo halijakaa sawa. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile kwa utulivu zaidi, maana nimegundua kwamba halihusu kinywaji cha Wajerumani peke yake.

Tuanze na kitu chenyewe. Neno Glühwein limeundwa kwa maneno mawili ya Kijerumani: glühen, yaani kuwaka au kung'aa kwa joto kama kaa la moto, na Wein, yaani divai. Desturi ya kutia viungo katika divai ni ya kale sana. Warumi walikuwa na divai yao ya asali na pilipili manga. Siku hizi Wajerumani huinywa hasa kwenye masoko ya Krismasi, ambayo hufunguliwa majuma manne hivi kabla ya sikukuu. Soko la Dresden lilianza mwaka wa 1434. Watu husimama nje kwenye baridi kali, vikombe mikononi, wakipiga gumzo. Unapolipia kinywaji unaacha pia amana ya kikombe. Ukikirudisha, unarejeshewa pesa zako. Mpishi naye ana sharti moja: divai isichemke, kwa sababu kileo huchemka kwenye nyuzi 78, mapema kuliko maji, nacho kitaishia kwenye mvuke.

Jina hilo lina ulinzi wa sheria. Kanuni nambari 251 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 2014 inasema kwamba kinywaji hakiwezi kuuzwa kwa jina la Glühwein ila kiwe kimetokana na divai pekee, kiwe kimeungwa hasa kwa mdalasini au karafuu, na kiwe na kileo kisichopungua asilimia 7. Kukiongeza maji ni marufuku, isipokuwa yale machache yanayoingia kinapotiwa utamu. Wahenga wetu waliling'amua jambo hilo zamani waliposema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tofauti ni kwamba Wazungu wamemwekea mgema wao sheria.

Nilipoisoma kanuni hiyo, nilisita kwenye neno karafuu. Mkarafuu si mti wa Ulaya. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, na miche yake ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vilivyokuwa chini ya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Seyyid Said, Sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, aliipanua kilimo hicho hadi Unguja na Pemba zikawa ghala la karafuu la dunia. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma karafuu hizo walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa kutoka bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na hadhi ya utumwa kisheria ikafutwa huko mwaka wa 1897.

Wajerumani hawakuwa mbali na biashara ya visiwa hivyo. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilifungua ofisi Unguja mwaka wa 1849, na mwaka wa 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani. Binti wa Seyyid Said, Sayyida Salme, alimpenda mfanyabiashara Heinrich Ruete kutoka Hamburg. Aliondoka Unguja mwaka wa 1866, wakafunga ndoa Aden mwaka uliofuata, kisha akaenda kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake alizoandika kwa Kijerumani zilichapishwa mwaka wa 1886. Kwa hivyo mama hakukosea aliponusa kitu anachokijua. Katika harufu ya Krismasi ya Mjerumani mna jasho la watu wa upande wetu, ingawa jina la kinywaji halisemi hivyo.

Sasa turudi kwenye majina. Kiswahili kina maneno mawili ya kinywaji cha zabibu, na yote mawili yametoka ng'ambo. Mvinyo tuliuchukua kwa Wareno, ambao huita vinho. Walifika pwani yetu mwaka wa 1498, na Ngome ya Yesu ya Mombasa iliwatoka mikononi mwaka wa 1698. Divai inatokana na Kifaransa, du vin, na mimi naamini kwamba tuliipokea kwa wamisionari Wafaransa wa Roho Mtakatifu waliofika Unguja mwaka wa 1863 na Bagamoyo mwaka wa 1868. Wajerumani wametuachia shule na hela, lakini neno lao la divai hawakutuachia. Walipofika karibu na Asumbi, Septemba 1914, walikuja na bunduki, wakapigana na Waingereza pale Kisii.

Leo wengi wetu huyatumia maneno divai na mvinyo kama visawe. Hata hivyo, hebu fungua Biblia ya Kiswahili ya Union Version. Katika harusi ya Kana kinachopungua ni divai. Katika sura ya tano ya waraka kwa Waefeso, kinachokatazwa watu wasilewe ni mvinyo. Katika Kigiriki neno ni lilelile mahali pote pawili: oinos. Sidai kwamba wafasiri walifuata kanuni moja kila mahali, kwani Timotheo anaposhauriwa atumie kidogo kwa ajili ya tumbo lake, neno ni mvinyo pia. Lakini masikio ya waumini yamezoea: divai ni ya madhabahu na arusi takatifu, mvinyo ni wa walevi. Na neno la tatu, pombe, halikaribishwi kabisa. Jaribu kusema kanisani kwamba kule Kana maji yaligeuka pombe, uone watu watakavyokutazama.

Asumbi kwetu divai ilikuja na wamisionari wa Mill Hill, waliofika mwanzoni mwa karne ya 20. Ilikuwa ya misa, na kwa miaka mingi padri peke yake ndiye aliyeinywa; waumini waliiona kwa mbali kikombe kilipoinuliwa. Nyumbani kulikuwa na kinywaji kingine. Kwa Kidholuo kinaitwa kong'o. Nyanya yangu aliipika kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi, kazi ya siku kadhaa. Krismasi ilipofika, wazee waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na oseke yake, ule mrija mrefu wa kunywea. Nyanya alikuwa na birika la maji moto kando, akiongeza mtungini kila kileo kilipopoa. Majirani zetu Wateso, Kenya na Uganda, hunywa ajon yao ya wimbi vivyo hivyo hadi leo: mtungi mmoja, mirija mingi, maji moto. Kwa hivyo kileo cha moto cha sikukuu, kinachowakutanisha watu, si uvumbuzi wa nchi za theluji peke yake.

Krismasi moja nikiwa darasa la tano, askari waliingia bomani. Nyanya hakuwa na leseni. Mtungi ulipinduliwa, mirija ikavunjwa, wazee wakatawanyika, naye akapandishwa gari pamoja na akina mama wengine wawili. Alirudi siku ya pili baada ya mbuzi kuuzwa ili faini ilipwe. Neno lililorudiwa siku ile, na aliloambiwa kuwa ndilo kosa lake, lilikuwa pombe. Nyanya hakujua Kiswahili. Tangu wakati huo alikuwa na neno moja tu la Kiswahili, akilichomeka katikati ya Kidholuo chake kila aliposimulia kisa hicho: walinikamata kwa "pombe". Hakuwahi kusema kwamba alikamatwa kwa kong'o. Nadhani moyoni mwake kong'o haikuwa kosa; kosa lilikuwa hiyo pombe, kitu kilicholetwa na askari pamoja na jina lake.

Najua msomaji mmoja atasema: Profesa, unatetea ulevi. La, sitetei. Pombe si chai, na nimezika wanafunzi wangu kwa sababu yake. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Serikali ina wajibu wa kuwalinda watu. Lakini methanoli ile ni kemikali ya viwandani. Haikutoka kwenye mtungi wa nyanya. Tatizo la kuviita vinywaji vyote kwa jina moja la lawama ni kwamba kunafuta tofauti kati ya kinachoua na kisichoua. Mlaghai anayechanganya kemikali chooni na bibi anayepika kimea cha wimbi huingia kwenye sentensi moja ya habari: wamekamatwa kwa pombe haramu.

Tazama njia mbili za sheria. Ulaya ilichukua kinywaji cha mitaani, ikakiandikia jina, viungo na kiwango cha kileo, ikamzuia mgema kutia maji. Sisi mwaka wa 1980 tulipitisha sheria ya kupiga chang'aa marufuku, nayo ikaendelea kupikwa vichakani bila kipimo wala ukaguzi. Ilichukua miaka 30, hadi Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, kukubali kwamba chang'aa inaweza kutengenezwa kwa viwango na kuuzwa kwenye chupa. Kinywaji kisichokuwa na jina la heshima hakiwezi kuwa na viwango, kwa sababu hakuna anayekubali kwamba ni chake.

Kwa hivyo, mapendekezo yangu ni mawili. Kwanza, Glühwein tuiite divai ya viungo. "Divai moto" halifai, kwa sababu chupa yake dukani ni baridi na bado ni Glühwein. Kinachoitofautisha ni mdalasini na karafuu, si joto. Jina hili pia linamkumbusha Mswahili kwamba sehemu ya historia ya kikombe hicho iko Unguja na Pemba. Pili, waandishi wa habari na wafasiri wetu wakiite kila kinywaji kwa jina lake: kong'o iwe kong'o, busaa iwe busaa, mnazi uwe mnazi, na muratina iwe muratina. Pombe libaki kuwa jina la jumla lisilo na lawama. "Pombe haramu" tuliwekee kile kilichovunja sheria kwa kweli, na ikiwa kimetiwa sumu tuseme kimetiwa sumu.

Jioni ile ya mkesha sikuwa nimefika mbali hivi. Nilikuwa bado nakuna kichwa mpwa wangu alipompelekea mama kikombe kidogo. Mama ni Mkatoliki wa siku nyingi na si mnywaji. Alionja kijiko kimoja, akanyamaza kidogo, akaangalia mvuke ukipanda.

"Kong'o maliet," alisema. Kong'o ya moto.

Kisha akamwambia mjukuu wake aongeze maji moto kidogo, maana mama yake, yaani nyanya yangu, ndivyo alivyokuwa akifanya. Mpwa wangu akacheka, akasema Ujerumani wangemfunga. Mama hakucheka. "Huyo pia walimfunga," akajibu, akarudisha kikombe.