Mkimbiaji wa badala asiye halali (softboli)

Mkimbiaji wa badala asiye halali ni mchezaji anayekimbia besi kwa niaba ya mwenzake kinyume cha kanuni za softboli. Kanuni za shirikisho la dunia la besiboli na softboli, WBSC, zinaruhusu mkimbiaji wa muda kwa mdakaji aliye kwenye besi timu yake ikishatolewa wachezaji wawili (auti mbili). Anayeingia ni yule ambaye zamu yake ya kupiga iko mbali kuliko wote wasio kwenye besi. Mdakaji hupata nafasi ya kufunga kinga za miguu na kifua mapema, na mchezo haukwami. Ni kanuni ya busara.

Vijana wa Temeke na Kinondoni, jijini Dar es Salaam, waliozoea soka huweza kushangazwa na jambo moja: mchezaji wa kikosi cha kwanza aliyetolewa anaweza kurudi mara moja, ila katika nafasi yake ileile ya kupiga. Hapo ndipo makosa huweza kuzaliwa.

Mabadiliko yasiyoripotiwa kwa mwamuzi huadhibiwa wapinzani wakilalamika. Timu ikijiripoti yenyewe kabla ya malalamiko hayo, husamehewa. Katika softboli ya shule za sekondari za Marekani, mkimbiaji asiye halali hutolewa auti na kubaki benchi.

Dar es Salaam, besiboli na softboli zilipata nguvu kwa msaada wa Wajapani kuanzia 2012, na uwanja wa michezo hiyo katika Shule ya Sekondari Azania ukazinduliwa 2018. Kwa timu za huko pia, mwandika alama makini ndiye kinga kubwa dhidi ya makosa ya mabadiliko.