Bububu si mlio wa treni

Gari la moshi lilianza safari za kati ya mji wa Zanzibar na Bububu mwaka 1905. Mpaka leo watembeza wageni wengi, wakiulizwa asili ya jina la kijiji hicho, huigiza mlio wa treni: bu-bu-bu. Fundi mbao mmoja wa mtaa wa Malindi mjini humo, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiichonga treni hiyo kwa mbao na vipande vya bati, huumia kila akisikia kisa hicho.

Ushahidi wake ni Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar. Bibi huyo aliondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886. Humo anasimulia maisha yake ya shamba huko Bububu, kwa jina hilo hilo. Wakati huo kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheyney, iliyojenga reli hiyo, ilikuwa haijaleta hata taruma moja.

Wapo wanaobisha kwamba labda ulikuwa mlio wa treni ya Sayyid Barghash. Barghash alishika utawala mwaka 1870, Salme amekwisha kuhama. Tena reli yake, iliyoanza kwa kuvutwa na nyumbu kabla ya kuagizwa kichwa kidogo kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza, ilikwenda Chukwani, kusini mwa mji. Bububu iko kaskazini! Fundi anawafuata wazee wanaosema ni sauti ya chemchemi, maji yakibubujika, nami nakubaliana naye. Inauma kuona kijiji chenye maji yake kinanyang'anywa sifa hiyo na kupewa moshi.

Reli yenyewe ya Bububu ilikuwa na urefu wa maili 7 hivi, ikianzia Ngome Kongwe. Ilipita katika njia nyembamba mno, hata waendao kwa miguu walijibanza milangoni treni ipite. Wenyeji ndio waliokuwa abiria wengi, na wageni wa meli nao waliipanda kwenda kuona mashamba.

Njia hiyo nyembamba ndiyo iliyomteka fundi. Katika kipimo chake cha moja kwa 87, reli nzima ingehitaji meta 130 hivi, zaidi ya uwanja wa mpira, kwa hiyo amechukua kipande cha mwanzo tu. Picha za treni anazitoa kwenye postikadi za zamani. Palipo na mlango ambao bado umesimama, huenda na futikamba akaupima, kisha kwa mlango huo akakadiria kimo cha behewa lililopigwa picha mbele yake. Ni kazi ya subira, na ingestahili kuonwa na kila mwanafunzi wa Unguja.

Safari za abiria zilisitishwa mwaka 1922, magari na barabara vikashika nafasi. Leo tunakwenda Bububu kwa daladala ya 502, na bara treni ya umeme inafika Dodoma tangu 2024.

Stesheni ya Bububu fundi hajaichonga bado. Mahali pake, juu ya ubao, ameanza na chemchemi.