Uzimuaji wa myeyusho

Uzimuaji wa myeyusho ni kitendo cha kupunguza ukolezi wa myeyusho kwa kuongeza kiyeyushi, ambacho mara nyingi ni maji. Katika kemia ya sekondari hesabu zake ni msingi wa mazoezi ya maabara. Nje ya shule hutumika kutayarisha dawa za kuua vijidudu, viuatilifu na dawa za hospitali.

== Kanuni ==
Maji yakiongezwa, ujazo wa myeyusho huongezeka, lakini kiasi cha dutu iliyoyeyushwa hakibadiliki. Kwa kuwa kiasi hicho ni ukolezi mara ujazo:

C₁V₁ = C₂V₂

* C₁ ni ukolezi wa awali
* V₁ ni ujazo unaochukuliwa kutoka myeyusho wa awali
* C₂ ni ukolezi unaotakiwa
* V₂ ni ujazo wote wa mwisho

Ukolezi unaweza kuwa moli kwa lita (M) au asilimia, mradi pande zote mbili zitumie kipimo kimoja. Ni hivyo hivyo kwa ujazo. Maji ya kuongeza ni takriban V₂ − V₁.

== Mifano ==
=== Asidi ya maabara ===
Asidi hidrokloriki kali ina ukolezi wa takriban 12 M. Ili kupata 250 cm³ za asidi ya 0.6 M:

V₁ = (0.6 × 250) ÷ 12 = 12.5 cm³

Asidi hiyo humiminwa kwenye maji kiasi, kisha maji huongezwa hadi myeyusho wote ufike 250 cm³.

=== Dawa ya klorini ===
Tuseme zahanati ya Kwa Mathias, Kibaha, inahitaji lita 7 za klorini ya 0.5%, na lebo ya dawa iliyopo inaonyesha 3.5%:

V₁ = (0.5 × 7) ÷ 3.5 = lita 1

Hivyo lita 1 ya dawa huchanganywa na lita 6 za maji.

== Makosa ya kawaida ==
Kosa linalotokea sana ni kudhani kwamba V₂ ni maji ya kuongeza. Katika mfano wa klorini, anayeongeza lita 7 za maji hupata lita 8 zenye ukolezi wa takriban 0.44%, yaani dawa hafifu kuliko ilivyokusudiwa.

Kosa lingine ni kutumia kipimo kilekile kwa kila chupa. Dawa ya 5% ikichanganywa kwa sehemu 1 na maji sehemu 6 hutoa takriban 0.71%. Kwa dawa hiyo, maji yanapaswa kuwa sehemu 9. Kwa hiyo lebo husomwa kwanza.

== Uzimuaji wa mfululizo ==
Ukolezi mdogo sana ni vigumu kuupata kwa hatua moja, kwa sababu V₁ huwa ndogo mno kupimika vizuri. Badala yake myeyusho huzimuliwa mara kadhaa. Kuzimua mara 10 kwa hatua tatu hupunguza ukolezi mara 1,000.

== Usalama ==
Asidi kali humiminwa kwenye maji polepole huku ikikorogwa. Maji hayamiminwi kwenye asidi. Uzimuaji wa asidi, hasa asidi ya salfa, hutoa joto jingi linaloweza kuchemsha maji na kurusha asidi usoni. Dawa ya klorini haichanganywi na asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu.

== Matumizi katika afya ya jamii ==
Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo, klorini ya 0.5% ilitumika kutakasa vifaa na sakafu, na ya 0.05% kunawia mikono. Ya pili hupatikana kwa kuchanganya sehemu 1 ya ile ya kwanza na maji sehemu 9. Ikiwa hafifu mno haiui vijidudu ipasavyo, na ikiwa kali mno huunguza ngozi na macho. Klorini iliyozimuliwa hupungua nguvu haraka, hivyo hutayarishwa upya kila siku.